Tarakilishi Nayo Huulizia Njia

Wapo walimu wanaoshikilia kwamba Kiswahili chafaa mashairi na methali tu, na kwamba mambo ya tarakilishi hayasemeki ila kwa Kiingereza. Dai hilo linawadhuru wanafunzi. Wao hukariri istilahi wasizozielewa, wakapita mtihani, kisha wakaduwaa mbele ya mashine iliyokwama. Hebu tulipime dai hilo kwa mfano mmoja, yaani jedwali la njia.

Kila tarakilishi iliyounganishwa na mtandao, hata ile ndogo ya mezani, ina jedwali hili. Kila mstari wake hutaja kundi la anwani, kipimo cha upana wa kundi hilo, lango la kupitia, kadi ya mtandao itakayotumika, na gharama ya njia yenyewe.

Tuchukue tarakilishi ya maabara ya shule yenye anwani 192.168.1.25. Mstari mmoja wa jedwali lake wasema kwamba anwani zote zinazoanza na 192.168.1 ni za majirani, nao hufikiwa moja kwa moja. Mstari mwingine, ulioandikwa 0.0.0.0, huzikumba anwani zote za dunia na kuzielekeza kwenye ruta, tuseme 192.168.1.1. Mwanafunzi akituma waraka kwa printa yenye anwani 192.168.1.40, mistari yote miwili inaafiki. Ufuatwe upi? Hufuatwa ule ulio mahususi zaidi, na waraka ukaenda kwa jirani bila kupitia langoni. Umahususi ukilingana, hufuatwa mstari wenye gharama ndogo.

Mwanaisimu hawezi kuistaajabia kanuni hii. Nomino "simba" kwa umbo lake ingeingia katika ngeli ya I-ZI, lakini twasema "simba analala", wala si "simba inalala". Kanuni mahususi ya viumbe hai imeishinda kanuni ya jumla ya umbo. Panini, mwanasarufi wa kale wa Bara Hindi, aliijua kanuni hiyo; naye Paul Kiparsky akaijadili katika fonolojia ya kisasa mwaka 1973. Mtoto wa darasa la kwanza huitumia kila siku pasipo kufundishwa.

Izingatiwe pia kwamba tarakilishi haiijui safari nzima. Huijua hatua inayofuata tu, kama mgeni aulizaye njia kila afikapo njia panda. Ruta nayo hutazama jedwali lake, ikausukuma ujumbe mbele, hadi ufike.

Maarifa haya yana manufaa. Printa ikifanya kazi ilhali intaneti haipatikani, mwanafunzi aliyeelewa atautazama kwanza mstari wa 0.0.0.0: je, upo, na lango lake ni sahihi? Katika Windows ataandika amri "route print". Katika Linux, "ip route". Aliyekariri tu atamngoja fundi.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini katiba haiingii darasani kumfundishia mwalimu. Jedwali, mstari, anwani, lango, gharama: maneno yote haya tunayo, na mwanafunzi anayajua kabla hajaigusa mashine. Kilichopungua si msamiati, bali nia ya kuutumia.