Kidole Gumba Kabla ya Kijiko

Mubambiro, kando ya Sake katika Masisi, iko kwenye njia ambayo wakimbizi wa vita wameipita miaka mingi wakielekea Goma. Katika mazingira kama hayo, mtoto mwenye mashavu ya mviringo na miguu iliyojaa humdanganya hata mama yake: mizani inasema ana uzito, macho yanasema amenona. Kumbe ni maji. Watu wa Kivu wanauita ugonjwa huo bwaki. Ni kwashiorkor, aina ya utapiamlo mkali ambayo daktari Cicely Williams aliieleza mwaka 1933 akiwa Gold Coast, leo Ghana. Ndiyo maana muuguzi huanza na kidole gumba: hubonyeza mgongo wa kila mguu kwa sekunde 3, na shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, mizani haina neno tena. Asiyevimba hupimwa mkono kwa utepe. Kwa mwenye miezi 6 hadi 59, chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali.

Vipimo hivyo ndivyo vinavyoamua chakula, kwa sababu kwa mwili uliodhoofika chakula ni dawa, na dawa ina dozi. Wengi watauliza: mtoto anakufa njaa, mbona mnampa maziwa kidogo kidogo? Swali ni la haki, lakini jibu liko kwenye damu. Chakula kingi kikiingia ghafla, insulini husukuma potasiamu na fosfati kutoka kwenye damu hadi ndani ya seli, na moyo uliokwisha kulegea unaweza kusimama. Kwa hiyo anayelazwa huanzishiwa maziwa ya F-75, yenye kilokalori 75 kwa mililita 100. Mwenye kilo 6 asiyevimba hupata mililita 65 kila saa 2, hata usiku wa manane. Hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukipungua, ndipo huongezewa chakula.

Wengine watasema hayo ni ya hospitali kubwa. Si yote: mtoto mwenye hamu ya kula na asiye na homa wala matatizo mengine hutibiwa nyumbani kwa siagi ya karanga ya tiba, na utepe wa mkono mama mwenyewe anaweza kuutumia. Mama, leo jioni bonyeza miguu ya mwanao. Shimo likibaki pande zote mbili, usimwongezee bugali ukangoja. Mpeleke kituo cha afya, hata kama jirani anamsifu kwa unene.