Neno 'Nzuri' lilimkosesha mhandisi cheo, akaenda kortini

Hebu vuta picha. Umefanya kazi serikalini miaka kumi na kitu. Hujawahi kuandikiwa barua ya onyo wala kuitwa ofisini kuhojiwa. Siku ya siku orodha ya waliopandishwa cheo inatoka. Unaipitia kutoka juu hadi chini, kisha unarudi juu tena. Jina lako halimo. Waliomo ni walioajiriwa nyuma yako. Ukiuliza, unaambiwa tu "hukufikisha". Kufikisha nini? Kila mtu anatazama kando.

Hayo ndiyo yaliyomfika Dev Dutt, mhandisi wa serikali nchini India. Jamaa aliajiriwa katika idara inayojenga barabara za mipakani, zile za milimani ambako wanajeshi hawawezi kupita bila wahandisi kutangulia. Kufikia 1993 alikuwa ametimiza miaka ya kufikiriwa kwa cheo cha mhandisi msimamizi. Kamati ya kupandisha vyeo ikaketi, ikamruka, ikawachukua wadogo wake kazini.

Kosa lake lilikuwa neno moja. Ukweli ni kwamba hata si kosa.

India ilikuwa na utaratibu wa bosi kumwandikia kila mfanyakazi wa umma ripoti ya siri kila mwaka. Siri kwelikweli: anayeandikwa haoni. Kwa cheo alichokitaka Dutt, sharti lilikuwa uwe umeandikiwa 'Nzuri Sana' miaka mitano mfululizo. Ripoti yake ya mwaka wa 1993-94 ilisema 'Nzuri'. Basi. 'Sana' haikuwepo, na cheo nacho hakikuwepo. Tena hakuna aliyemwambia kwamba ameandikiwa hivyo, kwa hivyo hakupata nafasi ya kuuliza ni wapi alipolegea mwaka huo, au kama bosi alikuwa tu hampendi.

Akaenda Mahakama Kuu ya Gauhati. Huko alishindwa mara mbili, kwanza mbele ya jaji mmoja, kisha mbele ya jopo. Serikali ilikuwa na hoja iliyosikika vizuri ukiisikia mara ya kwanza: kanuni zinasema mfanyakazi huarifiwa akiandikiwa vibaya, na 'Nzuri' si vibaya. Kuna ubaya gani kuitwa mzuri?

Ukiwahi kupata C+ na kozi unayotaka inadai B, unajua ubaya wenyewe.

Mtu mwingine angekata tamaa hapo. Yeye alikata rufaa hadi Mahakama ya Juu Zaidi ya India, na uamuzi ukatolewa Mei 2008. Majaji walikuwa wawili, H.K. Sema na Markandey Katju, na Katju ndiye aliyeuandika. Walisema jina la alama si hoja, hoja ni inakufanyia nini. Kama sharti ni 'Nzuri Sana', basi 'Nzuri' inakutoa nje ya mbio sawasawa na 'Mbaya', kwa hivyo ni lazima uarifiwe. Hawakuishia hapo. Waliamua kwamba kila alama aandikiwayo mfanyakazi wa umma, iwe ya chini, ya kati au ya juu kabisa, aonyeshwe ndani ya muda unaofaa. Sababu zao hazikuhitaji digrii ya sheria: ukijua umepewa alama gani utajirekebisha mwaka ujao, na kama umeonewa utalalamika. Kanuni inayoficha alama, wakasema, inakiuka usawa mbele ya sheria ulio katika katiba ya India. Wanajeshi tu ndio waliwekwa kando.

Kuna kipengele kimoja hapo ninachokipenda kuliko vyote. Malalamiko yako yasikizwe na mtu aliye juu ya yule aliyekupa alama. Sisi tunajua vizuri kesi ya nyani huishia wapi ikipelekwa kwa ngedere.

Sasa, Dutt mwenyewe alipata nini? Usitarajie sinema. Alikuwa ameshastaafu. Korti haikumpa cheo, kwa sababu haikuwa kazi yake kuamua nani ni mhandisi bora. Iliamuru aonyeshwe ile 'Nzuri' ndani ya miezi miwili, apewe miezi miwili ya kuipinga, na ikipandishwa, kamati iketi upya kana kwamba siku zimerudi nyuma. Akichaguliwa, angelipwa malimbikizo ya mshahara pamoja na riba ya asilimia 8, na pensheni yake iongezwe.

Waliofaidi zaidi ni vijana waliokuwa ndio wanaanza kazi. Mei 2009 serikali ya India ilitoa waraka kwamba ripoti yote ionyeshwe mfanyakazi, naye awe na siku 15 za kuipinga. Kukawa na maamuzi mengine yaliyokinzana na ya Dutt, hadi 2013 majaji watatu wa mahakama hiyo hiyo walipoyamaliza: Dutt alikuwa sahihi.

Huku kwetu hutumii kesi ya India kumtisha afisa wa wafanyakazi. Huhitaji hata. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinasema ukiumizwa na uamuzi wa kiutawala una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kifungu cha 232 kinataka watu wapandishwe vyeo katika utumishi wa umma kwa ushindani wa haki na kwa uwezo wao. Na kuna sheria ya 2015 kuhusu hatua za haki za kiutawala ambayo wengi wetu hatujaifungua. Ukiomba sababu, afisa ana muda uliowekwa na sheria wa kukujibu kwa maandishi. Akinyamaza na kesi ifike kortini, sheria inachukulia kwamba hakuwa na sababu nzuri, mpaka athibitishe vinginevyo.

Ila usikimbilie Mahakama ya Ajira na Leba kesho asubuhi. Jaji atakuuliza kwanza kama umemaliza njia za ndani, yaani idara yako na, kwa watumishi wengi wa serikali kuu, Tume ya Utumishi wa Umma. Anza na barua ya ukurasa mmoja. Taja cheo ulichoomba, tarehe orodha ilipotoka, na uombe alama zako pamoja na sababu za kuachwa. Ipeleke mwenyewe, na usiondoke hapo kaunta kabla nakala yako haijapigwa muhuri wa tarehe. Muda huo unahesabiwa kuanzia siku waliyoipokea.