Hirola wa Garissa: Msaada Haubadili Mwenye Ardhi

Wewe mkulima wa skimu ya Bura au ya Hola, ukisimama ukingoni mwa Mto Tana na kutazama mashariki, unaiona nchi ya Garissa. Huko ng'ambo, katika Ijara, wafugaji wametunza mnyama wao kwa msaada wa fedha za wageni, na ardhi imebaki yao. Habari hii yakufaa, maana wageni wa namna hiyo huenda wakafika kwako pia.

Mnyama huyo ni hirola. Ni mnyama wa jamii ya kongoni, rangi yake kama mchanga, na chini ya kila jicho ana tundu jeusi. Kwa hiyo wengine humwita swala wa macho manne. Nyumbani kwake ni nchi iliyo kati ya Mto Tana na mpaka wa Somalia. Katika miaka ya 1970 walikuwa maelfu mengi. Siku hizi hawafiki 500.

Sababu za kupungua ni kadha wa kadha. Katika miaka ya 1980 sotoka iliwaua wengi. Ndovu nao walimalizwa na majangili, na kwa kuwa ndovu ndiye anayevunja miti, vichaka vilienea na majani yakapungua. Hirola hula majani mafupi kama ng'ombe. Basi palipokosa malisho ya hirola, ng'ombe naye alikonda.

Mwaka 1963, na tena mwaka 1996, hirola kadhaa walihamishwa hadi Tsavo. Safari ile ya pili wenyeji wa Garissa walikwenda Mahakama Kuu, wakasema mnyama huyu ni urithi wa nchi yao na apasa kutunzwa hapo hapo alipo. Mahakama ikawakubalia.

Lakini kushinda kesi si kutunza. Kadiri ya miaka 10 baadaye wafugaji wa Ishaqbini, karibu na Masalani, walitenga sehemu ya malisho yao iwe hifadhi. Wakapata msaada wa Northern Rangelands Trust, na wa shirika la Marekani liitwalo The Nature Conservancy, linalokusanya fedha kwa watu wenye kupenda kutoa. Mwaka 2012 ua wa waya ulizungushwa katika hekta 2,700 hivi ili kuzuia simba, duma na mbwa mwitu. Hirola 48 wakaingizwa ndani. Baada ya miaka michache hesabu yao ilizidi mara mbili, na wengine wakafunguliwa warudi porini.

Sasa angalia jinsi kazi ilivyogawanywa. Mfadhili hutoa fedha za waya, gari na mishahara. Askari wa wanyama ni vijana wa hapo hapo. Wazee ndio wanaojua mahali hirola huzalia na mahali maji hubaki wakati wa kiangazi. Fedha peke yake haijui mambo hayo.

Hata hivyo kuna gharama. Ndani ya ua ng'ombe haingii, na mwaka wa ukame mchungaji huona majani asiyoweza kuyatumia. Tena, si kila hifadhi imeanzishwa kwa njia safi. Mwaka 2025 mahakama ya ardhi huko Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za kaunti ile ziliundwa bila kuwashirikisha wananchi ipasavyo.

Kwa hiyo mtu akija na msaada wa kulinda msitu wa mto au malisho ya pamoja, mwulize maswali haya kabla ya kutia sahihi:

1. Ardhi itabaki kwa jina la nani? Msaada haumpi mfadhili haki ya kumiliki.

2. Nani amekubali? Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 yasema mapatano na mwekezaji juu ya ardhi ya jamii si halali mpaka theluthi mbili ya watu wazima wayakubali mkutanoni. Sahihi ya mwenyekiti peke yake haitoshi.

3. Mapatano ni ya miaka mingapi, na wakati wa ukame ng'ombe watakula wapi?

4. Hesabu ya fedha itasomwa wapi? Isomwe barazani, kwa lugha ambayo kila mtu aielewa, akina mama na vijana wakiwapo.

5. Fedha zikikoma, nini kitabaki? Mwaka 2025 shirika la misaada la Serikali ya Marekani, USAID, lilipofungwa, kazi nyingi zilizolitegemea zilisimama.

Swali hilo la mwisho ni zito kuliko yote. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Fedha za mfadhili nazo ni mgeni. Zipe jembe mapema: zifundishe vijana kazi, zirudishe majani, zichimbe visima, ili siku mgeni akiondoka shamba libaki limelimwa. Watu wa Ishaqbini walianza na jambo walilolipenda wao wenyewe, ndipo wakaomba msaada. Nawe, kabla ya kumpokea mgeni, kaa na jirani zako mkubaliane ni kitu gani mnataka watoto wenu wakikute.