NENO “KWA” NA KAZI ZAKE

Neno “kwa” lina herufi tatu tu. Mtu aliyeanza kusoma juzi analiweza. Lakini katika madarasa yetu ya watu wazima, hili ni moja katika maneno yanayorukwa sana. Macho ya msomaji hukimbilia maneno makubwa: shilingi, minazi, hospitali, serikali. “Kwa” huachwa njiani. Mara nyingi hapana madhara. Mara nyingine yapo, tena makubwa.

Soma maandishi haya mawili:

Shilingi 60,000 zimelipwa na Makame.

Shilingi 60,000 zimelipwa kwa Makame.

Jina ni lile lile. Fedha ni zile zile. Lakini katika maandishi ya kwanza Makame ametoa fedha. Katika maandishi ya pili Makame amepokea fedha. Ikiwa Makame ametoa kweli, kisha akatia saini karatasi ya pili, basi amekubali kwamba fedha anazo yeye. Siku ya kudaiana, karatasi itamsema.

Kwa hiyo tulitazame neno hili na kazi zake.

Mtu na mahali pake

Tunapotaja mahali pa mtu, tunatumia “kwa”. Twasema: Nakwenda kwa Bi Mkubwa. Mtoto yuko kwa shangazi yake. Mgonjwa amepelekwa kwa daktari.

Hatusemi “nakwenda kwa soko”. Twasema nakwenda sokoni. Mtu huchukua “kwa”. Mahali huchukua “-ni” mwishoni, au hubaki na jina lake tupu: nakwenda Chwaka, nakwenda hospitali.

Jina la Darajani, pale Unguja Mjini, limetokana na “-ni” hiyo. Zamani mkono wa bahari uliingia ndani ukautenga Mji Mkongwe na Ng’ambo. Palikuwa na daraja la kuvukia. Watu wakapaita darajani, yaani penye daraja. Baadaye maji yale yalifukiwa. Leo hapana maji wala daraja, imepita Barabara ya Benjamin Mkapa, lakini “-ni” ya daraja imebaki.

Ukivuka upande wa Ng’ambo, utakuta mitaa ambayo majina yake yanaanza na “kwa”: Kwahani, Kwaalinatu, Kwaalamsha, Kwamtipura. Hapo “kwa” imeshikamana na neno linalofuata, na yote yamekuwa jina moja. Ukiandika barua ya mtu wa huko, andika neno moja, usiyatenge.

“Kwa” hushikamana pia na -angu, -ako, -ake, -etu, -enu, -ao. Tunapata kwangu, kwako, kwake, kwetu, kwenu, kwao. Mgeni anayejifunza Kiswahili hudhani “kwangu” na “kwetu” ni kitu kimoja, ila kwetu ni watu wengi. Sisi tunajua sivyo. Mwanamke aliyeolewa akisema “nakwenda kwangu”, anarudi nyumbani kwake, kwenye jiko lake na watoto wake. Akisema “nakwenda kwetu”, anakwenda kwa wazazi wake. Akimwambia mumewe hivyo huku amebeba bahasha ya nguo, na mume asitofautishe kwangu na kwetu, basi amekosa kuelewa jambo kubwa.

Kwenda au kutoka?

Jambo moja la kushika ni hili. “Kwa” peke yake haisemi kitu kinakwenda wapi. Neno la mbele yake ndilo linalosema.

Nimekwenda kwa Haji.

Nimetoka kwa Haji.

Nimekaa kwa Haji.

Katika zote tatu “kwa Haji” haikubadilika. Aliyebadilisha safari ni kwenda, kutoka na kukaa. Ndiyo maana juu ya barua huandikwa “Kwa Sheha” tukajua inamwendea Sheha, na barua iliyotoka kwake huandikwa “Kutoka kwa Sheha”. Na katika stakabadhi huandikwa “Imepokewa kutoka kwa”, kisha jina la aliyetoa fedha.

Sasa tazama karatasi iliyoandikwa hivi tu: “Shilingi 30,000 kwa Haji.” Je, Haji amepewa? Ametoa? Au fedha zimewekwa kwake? Haijulikani. Na mtu akisema “nina shilingi 30,000 kwa Haji”, anataka kusema kwamba anamdai Haji. Karatasi kama hiyo haifai kutiwa saini. Mwombe mwandishi aongeze neno: zimetolewa, zimepokewa, zimekopeshwa, zimewekwa.

Chombo na namna

“Kwa” huonyesha pia kitu kilichofanyiwa kazi. Tunakata muhogo kwa kisu. Tunalima kwa jembe. Tunakwenda Pemba kwa boti. Tunakwenda shamba kwa daladala, na ikitukosa, kwa miguu.

Hapa wengi huchanganya “kwa” na “na”. Sheria yake si ngumu. Mtendaji huchukua “na”, chombo huchukua “kwa”. Mnazi umekatwa na Makame kwa shoka. Makame ndiye mkataji, shoka ndicho chombo. Sasa rudi kwenye zile shilingi 60,000 za mwanzo. “Zimelipwa na Makame”: Makame ni mtendaji, yaani mlipaji. Ni sheria ile ile.

Namna ya kufanya jambo nayo huchukua “kwa”: kwa haraka, kwa upole, kwa heshima, kwa nguvu. Hapo hapana shida.

Bei na kipimo

Soko la Darajani lilifunguliwa mwaka 1904. Mwenye kutaka kuijua “kwa” vizuri na asikilize sokoni. Samaki huuzwa kwa mnada, naye mchuuzi akishanunua, atauza kwa kilo, kwa fungu au kwa mtungo. Nazi huhesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Maembe hutangazwa matatu kwa elfu.

Kila “kwa” hapo ni kipimo. Ukiiruka, bei huijui. Tuseme kibao kimeandikwa “Nyanya 2,000”. Ni kwa kilo, au kwa fungu? Fungu halina mizani. Fungu la asubuhi na fungu la jioni si sawa, na fungu zuri juu huweza kuwa bovu chini. Mnunuzi mzoefu hulizungushia macho kwanza, ndipo aulize bei.

Na kazi pia. Mchumaji wa karafuu hulipwa kwa pishi, na pishi moja ni vibaba vinne. Kibarua wa kulima huweza kulipwa kwa siku. Anayelipwa kwa pishi, mvua ikinyesha hana kitu, lakini akiwa hodari atampita mwenzake. Anayelipwa kwa siku ana uhakika wa kidogo. Mtu akuambie “nitakupa shilingi 5,000”, muulize: kwa pishi, kwa siku au kwa kazi nzima? Muulize kabla hujapanda mkarafuu.

Mwenye kukopa asome hivyo hivyo. Waislamu dini imewakataza riba, lakini karatasi za mikopo yenye riba zinatembea, na kuna wanaozitia saini. Tuseme imeandikwa “10 kwa 100 kwa mwezi”. Katika kila shilingi 100 utalipa 10 zaidi, tena kila mwezi. Umekopa 100,000. Ukikaa mwaka mzima na deni lile lile, ziada peke yake ni 120,000. Imeshalipita deni. Kama ingeandikwa “kwa mwaka”, ziada ingekuwa 10,000 tu. Tofauti yote ile imo katika neno linalofuata “kwa” ya pili.

Minazi ya Bi Mwanaidi

Jambo hili la maneno yanayofuata nataka tukae nalo kidogo. Tuseme Bi Mwanaidi ana minazi kumi. Ana shida ya fedha. Anamwendea Bwana Haji, na karatasi inaandikwa. Sasa karatasi inaweza kuandikwa hivi:

Minazi kumi nimempa Haji kwa miaka mitatu.

Au hivi:

Minazi kumi nimempa Haji kwa shilingi 300,000.

Au hivi:

Minazi kumi nimempa Haji kwa rehani ya shilingi 300,000.

Au hivi:

Minazi kumi nimempa Haji kwa kuiangalia.

Maneno manne ya mwanzo ni yale yale katika zote. Lakini katika karatasi ya kwanza Haji ataiangua minazi miaka mitatu, kisha itarudi kwa mwenyewe. Katika ya pili Haji amenunua, na Bi Mwanaidi hana tena minazi. Katika ya tatu minazi ni dhamana ya deni. Deni likilipwa, minazi inarudi. Katika ya nne Haji ni mwangalizi tu, hata dafu moja si lake asipopewa.

Wazee wetu waliyafanya mapatano kama haya mbele ya mashahidi, na shahidi mzuri alikumbuka kila neno. Lakini shahidi hufa, na watoto wa pande mbili hubaki na karatasi. Mtoto wa Haji atasoma “kwa shilingi 300,000” aseme baba alinunua. Mtoto wa Bi Mwanaidi ataapa kwamba mama aliweka rehani. Huenda wote wawili wanasema kweli kwa jinsi walivyosimuliwa. Aliyekosea ni yule aliyeandika “kwa shilingi 300,000” akaacha neno “rehani”.

Hivyo anayeweka rehani aione “rehani” imeandikwa. Anayekodisha aone miaka mingapi, na inaanza lini. Anayeuza aone neno “nimeuza”, si “nimempa”. “Nimempa” ni neno jema baina ya ndugu, lakini katika karatasi ya mali ni legevu mno.

Dawa

Katika dawa, “kwa siku” na “kwa siku 5” ni mambo mawili tofauti.

“Vidonge 2 kwa siku” maana yake kutwa nzima ni vidonge viwili, basi.

“Vidonge 2, mara 3 kwa siku” ni viwili asubuhi, viwili mchana, viwili usiku. Jumla sita.

“Kidonge 1 kila siku, kwa siku 5” ni kimoja leo, kimoja kesho, mpaka siku tano zitimie. Hata kama homa imeshuka siku ya pili, maandishi bado yanasema siku tano.

Mwenye kuruka maneno atameza sita mahali pa viwili, au ataacha dawa siku ya pili. Kama maandishi ya bahasha hayasomeki, na mengi hayasomeki, mrudishie mtoa dawa, umwambie akusomee polepole. Si aibu. Mwandiko mbaya ni wake, si wako.

“Kwa” nyingine

Zimebaki kazi nyingi ambazo kila mtu anazijua kwa mdomo. Tunasema bega kwa bega, ana kwa ana, nyumba kwa nyumba, wakubwa kwa wadogo. Godoro ni sita kwa nne. Timu imeshinda mabao mawili kwa moja. Tunauliza kwa nini, tunajibu kwa sababu. Na tukiagana, kwa heri.

Iko pia “kwa” ya kusoma kwa Asha, kuimba kwa ndege, kuchelewa kwa meli. Hiyo hufuata neno la kitendo lililoanzia na “ku”, na huonyesha kitendo ni cha nani.

Waandishi wengine wa barua za ofisini huipenda mno “kwa”. Utakuta: “Kwa barua hii, kwa heshima, kwa niaba ya wenzangu, naomba kwa ofisi yako.” “Kwa” nne, na ombi lenyewe bado halijafika. Ya mwisho hata haifai. Twasema naomba ofisi yako inisaidie, au namwomba Bwana Sheha. Wewe ukiandika barua yako, sema shida yako katika mstari wa kwanza.

Mazoezi

1. Jaza “kwa” au “na”: Barua imeandikwa ___ mwalimu ___ kalamu nyekundu.

2. “Nakwenda kwangu” na “nakwenda kwetu” zina tofauti gani? Je, kwenu mwanamume naye husema hivyo?

3. Karatasi imeandikwa: “Ng’ombe mmoja kwa Makame.” Itaje mara tatu, kila mara kwa maana nyingine. Kisha iandike upya, ibaki na maana moja tu.

4. “Meza kidonge 1, mara 2 kwa siku, kwa siku 7.” Utameza vidonge vingapi kwa jumla?

5. Tafuta nyumbani karatasi yoyote yenye saini yako au dole lako. Pigia mstari kila “kwa” iliyomo. Ije nayo darasani, tuisome pamoja.