Choo Kilichoshonwa: Asili ya Sanamu Laini

Sanamu laini ni kazi ya uchongaji isiyochongwa, kwa maana kwamba kitambaa hukatwa, hushonwa na kujazwa sponji au sufi mpaka kikapata umbo la kitu ambacho kwa kawaida ni kigumu. Wanasesere wameshonwa hivyo majumbani tangu zamani, lakini majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani yalichelewa kuukubali ufundi huo, na yalipoukubali yalimsifu aliyebuni kuliko aliyeketi kwenye cherehani.

Dalili za mabadiliko zilionekana mwaka 1936, msanii Meret Oppenheim alipofunika kwa manyoya kikombe, kisahani na kijiko vya kawaida vya dukani. Umbo lilibaki lilelile. Kilichobadilika ni ngozi tu, na hilo lilitosha kuufanya mdomo wa mtazamaji ukatae.

Claes Oldenburg, mzaliwa wa Stockholm aliyekulia Chicago, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1962, katika Green Gallery ya New York, aliweka sakafuni kipande cha keki, koni ya aiskrimu na hambaga yenye kipenyo cha takriban mita 2, vyote vikiwa vya turubai iliyopakwa rangi. Jumba la sanaa la Ontario, mjini Toronto, liliponunua hambaga hiyo mwaka 1967, wanafunzi wa sanaa waliandamana wakiwa na chupa kubwa ya kechapu ya kuigiza, mzaha ambao huenda uliielewa kazi yenyewe kuliko ulivyokusudiwa.

Baadaye Oldenburg aliingia katika vinili, yaani plastiki laini yenye kung'aa ambayo hutumika kufunikia viti. Choo chake cha mwaka 1966 ni cha vinili iliyojazwa sufi, ileile ya msufi ambayo watu wa pwani ya Afrika Mashariki huijua kwenye mito na magodoro. Baadhi ya vitu alivitengeneza katika nakala tatu: ngumu ya kadibodi, ya turubai iliyopauka ambayo aliiita mzuka, na laini ya vinili. Kwa kuwa sufi haiwezi kusimamisha umbo, mvutano wa dunia ndio unaoimalizia kazi, na choo kilichoning'inizwa hulegea kama mtu aliyetoka shamba jua la saa nane.

Hata hivyo, turubai na vinili havikujishona. Patty Mucha, mkewe wa wakati huo, ndiye aliyeshona sehemu kubwa ya kazi hizo za awali, na kwa vile katika ushonaji umbo huamuliwa na mkato na mshono, kumwita msaidizi tu ni kumpunja.

El Anatsui, Mghana ambaye kwa miongo kadhaa amefanya kazi Nsukka, Nigeria, alishika njia iliyo kinyume: vifuniko vya chupa za pombe, ambavyo ni vya alumini, hubondwa na kuunganishwa kwa nyaya za shaba hadi vikaanguka kwa mikunjo kama ya kitambaa. Kazi hizo huunganishwa na vijana wengi katika karakana yake, jambo ambalo hakulificha, na kila jumba linalozipokea huachiwa uhuru wa kuzikunja na kuzitundika upya, hivyo kazi moja inaweza kuonekana London katika umbo ambalo watazamaji wa New York hawakuwahi kuliona.