Kwa nini Juma huoa na Asha huolewa?

Katika Kiswahili cha kila siku, mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kisarufi, 'oa' ni kauli ya kutenda na 'olewa' ni kauli ya kutendwa. Mmoja ni mtenda, mwingine mtendwa, hata kama wawili hao walipendana na kukubaliana.

Hebu geuza: 'Asha amemwoa Juma.' Sarufi haijavunjika, lakini wasikilizaji watacheka. Mwanamume naye akisemwa 'ameolewa', hayo ni matusi: eti anaishi kwa mke, analishwa, hana kauli nyumbani.

Fikra hizi ni za kale. Mwana Kupona alipomtungia bintiye utendi mnamo 1858, alimwusia jinsi ya kumtunza na kumridhisha mume. Hata viungo vya mwili havikusazwa: mkono wa kulia uliitwa mkono wa kuume, wa kushoto mkono wa kike.

Sheria imesonga. Kifungu cha 45 cha Katiba ya 2010 kinawapa wanandoa haki sawa wanapofunga ndoa, wakiwa ndani yake na inapovunjika. Lugha je? Kiswahili tayari kina kauli ya kutendana: 'oana'. Asha na Juma wameoana. Wote ni watenda. Ila kwenye vikao vya familia, binti bado anaulizwa, 'Utaolewa lini?' kana kwamba anangoja kutendwa.

Ukikutana na wachumba wikendi hii, waulize wote kwa pamoja: 'Mtaoana lini?'