Chakula cha Mwanamke Tangu Usichana Hata Uzee: Niliyoyaona Mirongo, Mwanza



Vuno likikaribia, kurasa zetu hujaa habari za majamvi, pakacha na bei ya karafuu. Safari hii nimemwomba Bwana Mhariri anipe nafasi niseme habari ya chakula, na hasa chakula cha wanawake wa majumbani mwetu, kwani nimetoka Mwanza juzi na nimerudi na aibu.

Binti yangu ameolewa huko, anakaa Mirongo, kati ya mji, karibu na ule mto wenye jina hilo uendao kumwagikia ziwani. Mimba yake ya kwanza ilipotimia miezi minne, tulipata habari kwamba akipanda ngazi hushikwa na kizunguzungu, moyo wamwenda mbio, na usiku hana usingizi. Mama yake alikuwa na shughuli ya msiba, basi nikafunga safari mimi, boti mpaka Dar es Salaam, kisha basi siku nzima na zaidi.

Nilimsindikiza kliniki. Muuguzi alimchoma kidole, akapima damu, akaona ni 8 na nukta 2. Mja mzito yatakiwa damu yake isipungue 11, na mwanamke asiye na mimba isipungue 12. Yule bibi hakufanya haraka. Alimwuliza binti yangu, "Ulipokuwa kwenu kabla hujaolewa, ukila nini?"

Akajibu, "Asubuhi chai ya rangi na muhogo. Mchana wali na mchuzi. Usiku kilichobaki."

"Na samaki je?"

"Samaki alikuwa wa baba na kaka zangu. Sisi tulikula jikoni na mama, mchuzi na kichwa."

Nilikuwa nimekaa pale karibu na mlango, nikayasikia yote. Ndugu zangu, mimi nina mikarafuu thelathini na saba, na sikumbuki siku niliyokaa kula nikakosa kitoweo. Wala sikupata hata mara moja kuuliza huko jikoni kumebaki nini.

Muuguzi alitufahamisha vizuri, na nadhani kila mwenye binti apaswa kuyajua. Damu yajengwa kwa madini ya chuma yaliyomo katika chakula. Mwanamume mzima humtosha miligramu 8 za chuma kwa siku. Msichana wa miaka 14 hata 18 ahitaji 15, kwa kuwa anakua na huku ameanza kupata hedhi. Mwanamke tangu miaka 19 hata 50 ahitaji 18, na akiwa mja mzito 27. Yaani yule anayekula mwisho ndiye mwenye haja kuliko yule anayekula kwanza, mara mbili, na wakati wa mimba zaidi ya mara tatu. Hedhi inapokoma, haja yake hurudi kuwa 8 sawa na mwanamume. Mwanamke akiingia katika mimba ghala yake ikiwa tupu, mtoto huchukua kile kidogo kilichomo, na siku ya kuzaa damu kidogo tu ikimtoka huweza kuwa hatari ya roho, ambapo mwenziwe mwenye damu ya kutosha angestahimili.

Nami si peke yangu niliye na nyumba ya namna hii. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hata 49, 45 wamepungukiwa na damu. Kwetu Zanzibar hesabu ilikuwa 60 katika 100. Bahari imetuzunguka pande zote, na bado tumewapita wa bara!

Lakini chakula si sababu pekee, na ni haki niseme. Homa ya malaria huharibu damu. Tena iko safura, ambayo wazee wetu waliijua kwa jina kabla ya madaktari kutuonyesha minyoo yake. Uchunguzi uliofanywa kwa watoto wa shule Pemba katika miaka ya 1990 ulionyesha jinsi minyoo hii inavyowanyonya damu. Hupenya nyayo za miguu kutoka katika udongo wenye choo cha mtu. Basi msichana aingiaye shambani miguu mitupu kuokota karafuu, na shamba lenyewe halina choo, hula chakula chake na minyoo. Jozi ya ndara na choo cha shimo ni sehemu ya chakula cha mwanamke, ijapokuwa haviliwi. Mja mzito naye hupewa dawa ya minyoo kliniki, baada ya miezi mitatu ya mwanzo kupita.

Sasa nirudi Mirongo. Binti yangu alipewa vidonge vya kuongeza damu, vyenye chuma na asidi ya foliki, ameze kimoja kila siku. (Vyafanya choo kuwa cheusi, na wengine huwatia kichefuchefu, ndiyo sababu wengi huvitupa. Muuguzi alisema ameze usiku wakati wa kulala.) Mambo ya jikoni aliyashika mama mkwe wake, mwanamke mrefu, mpole, asiyesema sana.

Siku ya kwanza tu aliniomba radhi akaniambia, "Mzee, hapa kwetu mwenye mimba hupakuliwa kwanza. Usituone hatuna adabu." Nikasema haidhuru.

Chakula chao si cha kitajiri. Ugali, na dagaa wa ziwani, wale wadogo wanaovuliwa usiku wa giza kwa taa. Mama yule huwaosha mara tatu kuondoa mchanga, huwakaanga kidogo, hutia nyanya na kitunguu, na mwisho hukamulia ndimu. Kando yake mchicha, au majani ya kunde yaliyokaushwa. Ile ndimu nilidhani ni kwa ladha tu, kumbe ukali wa ndimu, na wa machungwa na maembe pia, husaidia mwili kukichukua chuma kilichomo katika mboga na maharage. Chai hufanya kinyume, hukizuia. Kwa hiyo aliiondoa chai mezani wakati wa chakula, ikanywewa saa moja au mbili baadaye. Mimi niliyezoea kushushia wali kwa chai nilipata tabu siku tatu.

Dagaa huliwa mzima, kichwa, mifupa na matumbo, na hapo ndipo ilipo faida yake. Mnofu wa samaki mkubwa ni chakula kizuri, lakini chokaa ya kujengea mifupa imo katika mifupa ambayo sisi huwatupia paka. Watu wa Mwanza wamejifunza jambo hili kwa shida: minofu ya sangara hupelekwa viwandani ikasafirishwa ng'ambo, na mabaki yake, wanayoyaita mapanki, huuzwa kwa watu wa kawaida. Nikakumbuka dagaa wetu wa bahari, wanaochemshwa na kukaushwa pwani zetu wakapakiwa magunia kwenda bara hata Kongo. Twawauza wote, kisha twamnunulia mja mzito soda.

Asubuhi walikula viazi vitamu, wakati mwingine michembe, yaani viazi vilivyokatwa vikaanikwa, na mara nyingine vile viazi vyenye rangi ya machungwa ndani wanavyoviita viazi lishe. Rangi ile ndiyo yenye vitamini A, nzuri kwa macho na kwa kinga ya mwili.

Jambo moja lilinichekesha kisha likanisikitisha. Sokoni niliona wanawake wamepanga vipande vya udongo mkavu, vya kuuza kwa waja wazito. Nikauliza huitwaje, nikaambiwa, "Pemba." Jina la kisiwa changu! Binti yangu alikuwa akiula kwa siri. Wachunguzi waliowauliza waja wazito wa Pemba yenyewe waliona kwamba walao udongo, mchele mbichi na mfano wa hayo ndio mara nyingi waliopungukiwa na damu. Basi ukimwona mkeo au mwanao anatafuna udongo usimkaripie. Mpeleke akapimwe damu.

Muuguzi alisema neno jingine, nalo lahusu wasichana ambao bado hawajaolewa. Ile asidi ya foliki, iliyomo katika mchicha, kunde na maharage, yahitajiwa mapema sana, kwani uti wa mgongo wa mtoto hufungika ndani ya wiki nne za mwanzo, pengine mama mwenyewe hajajua kuwa ana mimba. Ikikosekana, mtoto aweza kuzaliwa na mgongo wazi. Watoto wa namna hiyo hupasuliwa katika hospitali ya Bugando, hapo hapo Mwanza. Kwa hiyo kumlisha binti vizuri siku aliyoolewa ni kuchelewa.

Habari ya mzazi sitasema mengi, maana hapo sisi watu wa visiwani hatujambo. Kwa siku arubaini humpa supu ya kuku, uji wa pilipili manga, pweza akipatikana. Ni vizuri. Kosa ni kwamba siku ya arubaini na moja hurudi jikoni kula kichwa cha samaki, na huku ananyonyesha miaka miwili, na maziwa hayo yatoka katika mwili wake. Mwenye kunyonyesha ahitaji kuongezewa karibu mlo mdogo mmoja kila siku.

Katika nyumba ile ya Mirongo alikuwamo pia bibi mzee sana, meno amebakiwa na machache. Nyumba nyingi mtu kama huyu hupewa uji mtupu, akaambiwa mzee hana haja ya chakula. Yule mama alikuwa akimsagia dagaa wakavu wawe unga, akautia katika uji. Hedhi ikikoma, mifupa ya mwanamke huanza kupoteza chokaa kwa kasi, hata akianguka kidogo tu huvunjika nyonga. Baada ya miaka 50 ahitaji miligramu 1,200 za chokaa kwa siku, pamoja na jua la asubuhi na kazi ya kutembea. Umri huo ndio pia wa sukari na shinikizo la damu, na hapo vitumbua na chai ya vijiko vinne, tunavyowapa mama zetu kwa mapenzi, huwadhuru.

Na chumvi. Twadhani mtu wa pwani hawezi kukosa madini joto, kwa kuwa ala samaki. Si kweli. Watafiti waliowapima watoto wa shule Unguja na Pemba, wakatoa habari zao mwaka 2006, waliona rovu katika visiwa vyote viwili, na Pemba zaidi, ambako chumvi yenye madini hayo ilikuwa nadra. Mja mzito akiyakosa, akili ya mtoto hupungua tangu tumboni. Nunueni chumvi iliyoandikwa kuwa ina madini joto, mkaitie chakula kikiiva, mkifunike chombo chake.

Binti yangu alifika 10 na nukta 9 katika mwezi wa nane. Amejifungua salama, mtoto wa kike, alhamdulillahi.

Tangu nirudi nimewaza sana kambi zetu za vuno. Wanawake na wasichana huchambua karafuu mpaka usiku wa manane, kwa chai na mkate. Naomba kamati ya chama ilitazame jambo hili kabla ya vuno: sufuria ya maharage au dagaa, ndimu ziko mashambani bure, na chai isubiri.

Nyumbani nilimpeleka mama watoto kupimwa. Ana miaka 46, na kwa miaka yote nilidhani uchovu wake ni tabia. Damu yake ilikuwa 9 na nukta 6. Ameanza vidonge, na sinia sasa laanzia jikoni.